Maswali ya Wasomaji: Kuanzisha Blogu na Kuipatia Wasomaji

Barua za wasomaji wanaotaka kuanzisha blogu, au walioianzisha na kuanza kukata tamaa, zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyonayo katika ukurasa huu. Nimechagua chache ambazo kwa pamoja zinagusa karibu kila jambo lililoulizwa na wengine, nikazifupisha bila kubadili maana yake, na kuziondolea majina. Sikuzipa nafasi sawa, kwa kuwa zipo hatua ambazo karibu kila mwandishi huzivuka salama na zipo nyingine ambazo wengi huishia hapo. Ni vyema pia nieleze msimamo wangu mapema. Ninaamini kwamba blogu hupimwa kwa idadi ya watu wanaorudi kuisoma kwa hiari yao, na kwamba maamuzi mengi, yawe ya kiufundi au ya kiuandishi, huwa mepesi pindi mwandishi anapojiuliza iwapo yatamrahisishia msomaji huyo kurudi.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na ninataka kuandika maelezo ya mada ambazo wanafunzi huzikimbia. Mwenzangu mmoja ananishauri nitumie huduma ya bure, na mwingine anasisitiza kwamba bila kulipia jina langu mwenyewe nitapoteza muda. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Blogu ina sehemu tatu: programu unayoitumia kuandika, seva inayohifadhi makala, na anwani inayomfikisha msomaji kwako. Programu na seva unaweza kuzibadilisha wakati wowote na msomaji asitambue kitu. Anwani ikibadilika bila maandalizi, kila kiungo ambacho mwanafunzi alikihifadhi, au mwalimu mwingine alikiweka kwenye tovuti yake, kinakuwa hakifanyi kazi tena. Kwa hiyo, kama bajeti yako inaruhusu kulipia kitu kimoja tu, lipia jina la kikoa, yaani anwani iliyosajiliwa kwa jina lako, na yaliyobaki unaweza kuanza nayo bure.

Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, haitozi chochote na inakuruhusu kuunganisha kikoa chako mwenyewe. WordPress, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ina sura mbili ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni programu huria, ambayo huilipii na unaiweka kwenye seva uliyoikodi. Ya pili ni huduma ya WordPress.com, inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ambayo inakuhifadhia kila kitu lakini inakutaka ujiunge na mpango wa malipo kabla ya kutumia kikoa chako. Mtu asiyependa kushughulika na seva, masasisho na usalama wa tovuti anaweza kuanza na Blogger yenye kikoa chake, kisha akahamia WordPress siku atakapohitaji zaidi, huku anwani ikibaki ileile.

Sababu ya kusisitiza umiliki wa anwani ni kwamba huduma za bure hufungwa. Yahoo iliifunga GeoCities mwaka 2009, na kurasa za watu wengi mno zikatoweka mahali zilipokuwa. Posterous, iliyopendwa kwa sababu mtu aliweza kuchapisha kwa kutuma barua pepe tu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na kufungwa mwaka uliofuata. Waandishi waliokuwa na kikoa chao waliweza kupeleka makala kwingine chini ya anwani ileile, ilhali waliotegemea anwani ya huduma yenyewe walilazimika kuanza kuwatafuta wasomaji wao upya. Hakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina lako na kwa barua pepe unayoifungua kila siku, wala si kwa jina la mtu aliyekutengenezea tovuti, na uweke utaratibu wa kukihuisha kabla muda wake haujaisha. Pakua pia nakala rudufu ya makala zako mara kwa mara. Blogger na WordPress zote zina njia ya kufanya hivyo.

Kwa kuwa somo lako ni hisabati, kuna jambo moja ambalo wanaofundisha kuanzisha blogu mara nyingi hawalitaji. Usiweke milinganyo kama picha. Programu huria ya MathJax hugeuza alama zilizoandikwa kwa mtindo wa LaTeX, yaani namna ya kuandika hisabati kwa herufi za kawaida za kibodi, zikaonekana vizuri kwenye kivinjari, zikakuzwa bila kufifia, na zikasomeka kwa programu zinazowasaidia wasioona. Mwanafunzi anayesoma kwenye simu ndogo atakushukuru, na wewe utaweza kusahihisha alama moja bila kuchora mlinganyo wote upya.

Usitumie majuma kadhaa kuchagua rangi na sura ya blogu. Chagua muundo mwepesi wenye herufi zinazosomeka, uandike makala nne au tano kamili, kisha ndipo ufungue mlango, ili mgeni wa kwanza akute cha kusoma baada ya kumaliza makala iliyomleta.

SWALI: Ninapenda mambo mengi: mapishi, malezi, afya na vitabu. Je, blogu moja inaweza kuyabeba yote? Na je, niandike kwa Kiswahili au kwa lugha yenye wasomaji wengi zaidi?

JIBU: Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuchagua mada moja finyu na kushikamana nayo. Mimi ningekushauri uchague msomaji mmoja, kwa sababu mada zako tatu za mwanzo zinaweza kukaa pamoja bila mgongano wowote iwapo zinamlenga mtu yuleyule. Mchukulie mzazi mwenye mtoto anayeanza kula. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Mzazi aliyefikia hatua hiyo ana maswali ya mapishi, ya malezi na ya afya kwa wakati mmoja, na akikuta majibu ya yote kwako hana sababu ya kwenda kwingine. Mtu huyohuyo, hata hivyo, hakufika kwa ajili ya uhakiki wa riwaya. Vitabu uviandikie mahali pengine, au uvilete kwa upande wa malezi, kwa mfano vitabu vya kumsomea mtoto kabla ya kulala.

Angalizo kuhusu afya: maelezo yasiyo sahihi yanaweza kumdhuru mtu, na injini za utafutaji nazo huyapima makala ya afya na ya fedha kwa ukali kuliko mengine. Taja ulikoyapata maelezo yako, sema wazi wewe ni nani na una ujuzi gani, na usitoe vipimo vya dawa.

Kuhusu lugha, andika kwa lugha ambayo msomaji wako huitumia anapouliza swali. Lugha yenye wasomaji wengi ina waandishi wengi vilevile, wakiwemo wanaolipwa na kampuni kubwa, na sauti mpya husikika kwa shida. Katika Kiswahili yapo maswali mengi ya kawaida ambayo bado hayana hata jibu moja lililoandikwa kwa uangalifu, na mwandishi anayeyajibu huwa wa kwanza kufikiwa.

SWALI: Ninatunza bustani, na nimeandika kuhusu kilimo cha mboga kwa karibu mwaka mzima. Niliamini kwamba chema chajiuza, lakini ukiondoa ndugu na marafiki hakuna anayesoma. Nikitafuta makala zangu kwenye Google sizioni kabisa. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Maneno yako “sizioni kabisa” ndiyo yaliyonifanya niipe barua hii nafasi kubwa, kwa sababu kutokuwepo kwenye matokeo na kuwepo mbali kwenye kurasa za nyuma ni matatizo mawili tofauti, na wengi huhangaikia la pili wakati wanasumbuliwa na la kwanza.

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu yake hutembea kwenye wavuti ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, kurasa ilizozikuta huzichambua na kuziingiza kwenye faharasa yake. Tatu, mtu anapouliza kitu, hupanga kurasa zilizomo kwenye faharasa kwa kadiri inavyoona zinamfaa. Ukurasa ambao haujafikiwa, au umezuiwa usiingizwe kwenye faharasa, hauwezi kuonekana hata kama umeandikwa na bingwa wa kilimo.

Anza kwa kuandika kwenye kisanduku cha Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya blogu yako, bila kuacha nafasi kati yake. Zikitokea kurasa zako, faharasa inakufahamu. Isipotokea hata moja, fungua mipangilio. WordPress ina kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiingize tovuti kwenye faharasa, ambacho watu hukiwekea alama wakati wa matengenezo na kusahau kukiondolea. Blogger nayo ina chaguo la kuficha blogu. Baada ya hapo jiandikishe kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google, uthibitishe kwamba tovuti ni yako, na uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya anwani za kurasa zako zote, ambayo WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020. Huduma hiyo itakuonyesha kurasa zipi zimekubaliwa, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani. Kisha itakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika walipoziona, na kwangu mimi hapo ndipo ilipo thamani yake kubwa.

Viungo navyo vina uzito. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, walijenga utafutaji wao juu ya wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni aina ya kura, na kwamba kura ya ukurasa unaotajwa na wengi ina nguvu zaidi. Walilieleza wazo hilo mwaka 1998, na ingawa Google leo inazingatia mambo mengine mengi, blogu ambayo haijatajwa popote bado huchelewa kufikiwa na kuaminiwa. Waandikie watu wanaoandika kuhusu bustani, uwaonyeshe makala moja inayokamilisha waliyoyaandika wao, na usinunue viungo kamwe, kwa kuwa ni kinyume cha masharti ya Google na tovuti inaweza kushushwa kwa ajili hiyo. Unganisha pia makala zako zenyewe kwa zenyewe, jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye uandishi. Umenitumia orodha ya vichwa vyako, na miongoni mwake kuna “Utunzaji wa nyanya” na “Mambo ya kuzingatia katika bustani”. Jiweke mahali pa mtu aliyesimama mbele ya mche unaonyauka akiwa na simu mkononi. Hataandika “utunzaji wa nyanya”. Ataandika kwamba majani ya chini ya nyanya yake yamegeuka manjano, na wewe unalijua jibu. Mmea unaokosa nitrojeni huihamisha kutoka kwenye majani ya zamani kuipeleka kwenye machanga, hivyo manjano huanzia chini. Ukikosa madini ya chuma, ambayo hayahami kwa urahisi ndani ya mmea, manjano hujitokeza kwenye majani machanga ya juu huku mishipa ya jani ikibaki kijani. Hapo tayari una makala mbili, kila moja ikijibu swali moja kamili na kuelekeza kwa mwenzake kwa yule ambaye dalili zake ni za aina ya pili. Piga picha za majani yako mwenyewe, uzipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha, na uiandikie kila picha maelezo mbadala ya maneno machache, yanayosema picha inaonyesha nini kwa asiyeweza kuiona.

Kichwa cha makala na kiseme tatizo kwa maneno ya mwenye tatizo, na aya ya kwanza itoe jibu kabla ya historia ya zao lenyewe. Wapo wanaohofia kwamba msomaji akipata jibu mapema ataondoka. Ukweli ni kwamba aliyepata jibu mapema hutulia na kusoma maelezo, ilhali aliyecheleweshwa hurudi kwenye matokeo na kubofya ukurasa wa mtu mwingine.

Umeuliza pia kama unapaswa kurudiarudia neno “nyanya” na kujaza orodha ya maneno muhimu kwenye msimbo wa ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga matokeo ya utafutaji, na mabadiliko yaliyoitwa Panda, ya mwaka 2011, yalizishusha tovuti zenye makala nyingi nyepesi zilizoandikwa kwa ajili ya mashine. Mambo ya kiufundi yaliyobaki ni machache. Blogu isomeke vizuri kwenye simu, kwa kuwa toleo la simu ndilo Google inalolitazama. Anwani ianze na https, jambo ambalo Google ilitangaza mwaka 2014 kuwa inalizingatia, na ambalo huhitaji kulilipia, kwa kuwa Let's Encrypt hutoa vyeti vya usalama bila malipo. Ukishakamilisha hayo, subiri kwa miezi badala ya siku. Tumia muda huo kusoma maneno yanayojitokeza kwenye Search Console, kwa sababu mengi yatakuwa maswali ambayo bado hujayaandikia.

SWALI: Kila makala ninayoiandika huisambaza kwenye mitandao ya kijamii na katika makundi ya WhatsApp. Ninapendwa na kupongezwa sana, lakini takwimu zinaonyesha kwamba ni wachache mno wanaobofya kiungo. Nifanyeje?

JIBU: Mitandao ya kijamii hujipatia mapato kwa muda ambao mtu anakaa ndani yake, hivyo kiungo kinachomtoa nje hakina sababu ya kupewa nafasi ya mbele. Masharti yake pia hubadilika bila wewe kushauriwa. Mwezi Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya kurasa za wachapishaji, na waliokuwa wameegemeza usomaji wao wote hapo walipungukiwa na wageni ambao hawakuwahi kuwa na njia nyingine ya kuwafikia.

Sikushauri uiache mitandao hiyo. Badilisha namna unavyoitumia. Badala ya kuweka kiungo chenye maneno “makala mpya, karibuni”, andika hapohapo wazo moja kamili kutoka kwenye makala, lenye manufaa hata kwa asiyebofya, kisha umweleze msomaji atakachokikuta zaidi akifungua. Katika makundi, subiri mtu aulize jambo uliloliandikia, umjibu kwa sentensi mbili za kweli, ndipo umpe kiungo. Mtu aliyepewa kiungo kwa ajili ya swali lake hukifungua.

Lengo kubwa zaidi liwe kumwezesha msomaji huyo kupata makala ijayo bila kumtegemea mtu wa kati. Zamani watu wengi walifuatilia blogu kwa njia ya RSS, teknolojia inayomletea msomaji makala mpya za blogu anazozifuata ndani ya programu moja, iliyoanza mwaka 1999 na ambayo bado inafanya kazi, lakini idadi yao ilipungua baada ya Google kuifunga Reader, huduma yake ya kusomea RSS, mwezi Julai 2013. Acha RSS ya blogu yako iwe wazi, kwa kuwa wanaoitumia ni wasomaji waaminifu, na kando yake anzisha orodha ya barua pepe. Anwani za barua pepe unaweza kuzipakua na kuhama nazo, jambo ambalo huwezi kulifanya na wafuasi wa mtandao wowote wa kijamii.

Weka fomu fupi mwishoni mwa kila makala, mahali ambapo aliyeridhika atafika, na umwambie utamtumia nini na mara ngapi. Usidai zaidi ya anwani yake. Usimwingize mtu kwenye orodha kwa sababu tu aliwahi kukuandikia, na usinunue orodha ya anwani. Mbali na kuwa ni kukosa adabu, sheria za nchi nyingi zinadai ridhaa ya mwenye anwani, ikiwemo kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018. Tuma kwa kutumia huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ili kila barua iwe na njia ya kujiondoa, na ili anwani za wasomaji wako zisionekane na wenzao. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe kwamba kikoa kinachotuma ni chao na waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Huduma nyingi za kutuma barua zitakuongoza katika kuweka uthibitisho huo, na kikoa ulichokisajili mwenyewe kitakufaa tena hapa.

Barua yenyewe iwe barua. Andika aya mbili tatu ukieleza kwa nini umeandika ulichoandika, weka kiungo, na uulize swali moja ambalo kwa kweli unataka kujibiwa. Majibu yatakayokuja yasome yote na uyajibu. Wasomaji mia wanaojibu barua zako watakufundisha mengi kuhusu cha kuandika kuliko maelfu waliopita wakabonyeza alama ya kupenda.

SWALI: Inafaa kuchapisha mara ngapi kwa juma?

JIBU: Mara ambazo unaweza kuendelea nazo hata katika juma lenye msiba au mitihani. Kwa mtu mwenye kazi nyingine, makala moja nzuri kila baada ya majuma mawili inatosha, hasa ikiwa ni ya aina inayobaki na manufaa mwaka hadi mwaka. Weka akiba ya rasimu mbili zilizokamilika, ili siku ukikwama usikose cha kuchapisha.

SWALI: Kuna programu za akili bandia zinazoweza kuandika makala kumi kwa saa moja. Je, ni kosa kuzitumia? Na je, ninaruhusiwa kutumia picha ninazozikuta mtandaoni, mradi nitaje nilikozitoa?

JIBU: Nianze na picha, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kutaja ulikoitoa si ruhusa. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaohusu hakimiliki, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi hulindwa tangu inapoundwa bila kuhitaji kusajiliwa, hivyo picha isiyo na alama yoyote bado ina mwenyewe. Tumia picha zako, au zile ambazo mwenyewe ameziachia chini ya leseni ya Creative Commons, na usome leseni hiyo, kwa sababu baadhi haziruhusu matumizi ya kibiashara na nyingine haziruhusu kubadilisha picha. Ulinzi huohuo unakuhusu wewe pia. Mtu akinakili makala zako nzima, hifadhi ushahidi wa tarehe uliyochapisha, umwandikie kwanza yeye, na asipojibu uiandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake. Kampuni zilizoko Marekani zina utaratibu wa kupokea malalamiko ya aina hiyo chini ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 1998.

Kuhusu akili bandia, Google ilieleza mwezi Februari 2023 kwamba inatazama ubora wa makala na haikatazi njia iliyotumika kuiandaa. Machi 2024 iliongeza sera inayopinga uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa lengo la kuteka matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Kwa hiyo kuitumia kusahihisha tahajia au kupanga mawazo hakuna ubaya. Makala kumi kwa saa ni jambo jingine. Programu hizo hutunga majina, tarehe na takwimu kwa lugha yenye uhakika mkubwa, na huwezi kuhakiki makala kumi kwa saa. Zaidi ya hayo, hazijawahi kupanda mche, kufundisha darasa wala kumlisha mtoto. Msomaji akigundua mara moja kwamba ulichoandika hukukipitia, hatarudi, na ana haki.

SWALI: Blogu yangu ina miezi mitano na inapata wasomaji mia kadhaa kwa mwezi. Nianze kuweka matangazo?

JIBU: Ningekushauri usubiri. Google imekuwa ikiwapa wamiliki wa tovuti nafasi ya kuweka matangazo kupitia AdSense tangu mwaka 2003, na kwa kiasi kikubwa malipo yake hutegemea wingi wa kurasa zinazofunguliwa. Kwa wasomaji mia kadhaa utapata fedha kidogo sana, huku kila tangazo likiongeza uzito wa ukurasa na kumla bando msomaji wako. Ukifikia wakati wa kuyaweka, usibofye matangazo yako mwenyewe wala usiwaombe ndugu wakubofyee, kwa kuwa akaunti hufungwa kwa kosa hilo.

Blogu ndogo yenye wasomaji wanaorudi hupata kipato mapema kwa njia zinazotegemea imani yao: kuuza kitabu au mafunzo unayoyatoa mwenyewe, kupata kazi kutoka kwa mtu aliyesoma ulichoandika, au kupendekeza bidhaa unayoitumia na kulipwa kamisheni. Hilo la mwisho lina sharti moja. Sema waziwazi, kabla ya kiungo, kwamba utalipwa msomaji akinunua. Kulificha ni kinyume cha sheria katika nchi nyingi, na mimi ningekukataza hata kama lingeruhusiwa.

Katika takwimu, acha kwa sasa jumla ya kurasa zilizofunguliwa. Angalia idadi ya wanaorudi, idadi ya wanaojiunga na barua pepe kila mwezi, na makala zipi zinasomwa miezi mitatu baada ya kuchapishwa. Namba hizo tatu zikipanda, hata polepole, mapato yatakuwa na mahali pa kusimama.

SWALI: Niliiacha blogu yangu miaka miwili iliyopita baada ya kuandika makala thelathini. Nataka kuanza tena, lakini ninaona aibu kwa yale ya zamani. Niyafute yote nianze upya?

JIBU: Usiyafute kabla ya kuyatazama. Fungua Search Console au takwimu zozote ulizonazo uone ni makala zipi bado zinaleta watu, maana mara nyingi chache huendelea kusomwa muda wote ambao mwenyewe hayupo. Hizo zisahihishe, uongeze uliyojifunza tangu wakati huo, uonyeshe tarehe ya masahihisho, na uziache kwenye anwani zake zilezile. Mbili au tatu zinazozungumzia jambo moja ziunganishe kuwa moja iliyo kamili, kisha uweke uelekezaji wa kudumu, ule unaojulikana kwa namba 301, kutoka anwani za zamani kwenda hiyo mpya, ili anayefuata kiungo cha zamani asikute ukurasa uliokufa. Zile ambazo hazisomwi na ambazo wewe mwenyewe huziamini tena, ziondoe bila majuto. Usiandike tangazo refu la kuomba radhi kwa ukimya wako. Msomaji anayefika leo kupitia utafutaji hajui kwamba uliondoka, na yule wa zamani aliyebaki kwenye orodha yako ya barua pepe atafurahi zaidi kupokea makala mpya.